Mabati ya 109: lipi ninyooshe, lipi ninunue

Watu wakiiona Land Rover 109 ya marehemu baba, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, imepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, swali lao la kwanza ni injini. Utarudisha ya kwake au utatafuta ya Toyota? Nawajibu kwamba injini haininyimi usingizi. Ile petroli ya lita 2.25 ni mashine ya wazi, na hapa Tanga bado kuna wazee wanaoweza kuifungua na kuifunga huku wakipiga soga. Kinachokula fedha na akili ni bodi. Ukichagua mabati ovyo utapata gari la kupendeza siku ya kupigwa picha, kisha baada ya masika mawili rangi inaanza kuvimba kwenye viungo, na huko chini ya rangi tayari pameshaharibika.

Nimezunguka sana kwa wauza vyuma chakavu, nimebishana na mafundi, nimesoma nilichoweza kusoma, na sasa nina msimamo wangu: alumini ya zamani inyooshwe, chuma kinunuliwe kipya au kitengenezwe upya. Kuna sehemu moja ya gari ambapo msimamo huo haufanyi kazi, nitaifikia.

Kifaa cha kwanza ni sumaku. Ya kwangu niliitoa kwenye spika iliyokufa, nikaifunga kitambaa ili isikwaruze, nikaanza kuipitisha juu ya gari kuanzia mbele. Kwenye madigadi ya kushoto ilianguka. Kwenye boneti ilianguka, lakini nilipoipitisha kwa ndani, kwenye fremu, ikanasa. Nguzo ya mlango, ikanasa. Ngozi ya mlango, ikaanguka. Ukingo wa ndani wa mlango huohuo, ikanasa tena. Kila iliponasa nilichora duara kwa chaki. Nilipomaliza, gari lilikuwa na ramani nyeupe mwili mzima, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba Land Rover ya zamani ni magari mawili yaliyofungwa pamoja kwa bolti na ribiti: moja la alumini, moja la chuma.

Mchanganyiko huo una historia yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa inagawa chuma kwa mgao, na kampuni ya Rover ya Solihull haikuwa na chuma cha kutosha cha kutengenezea magari. Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu, akaja na wazo la gari la shambani lenye bodi ya Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi, ambayo haikubanwa na mgao ule. Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za mashine kubwa za kukandamiza mabati, waliyakunja kwa njia rahisi, sehemu kubwa bapa na kona zilizopindwa kidogo. Mpaka leo fundi mwenye meza nzuri na nyundo ya mti anaweza kurudisha umbo la madigadi ya Land Rover, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa gari dogo la kisasa.

Ya kwetu ni Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ni pikapu yenye turubai nyuma. Baba alikuwa bwana shamba kule milima ya Usambara, na alipostaafu akaipata kwenye mnada wa magari ya serikali. Ilipanda na kushuka barabara ya Mombo hadi Lushoto miaka mingi, ikabeba mbegu, mbolea, kabichi, wagonjwa na maiti. Milimani ilikaa vizuri. Iliyoimaliza ni Tanga, tulipohamia mjini ikaegeshwa chini ya mwembe, upepo wa bahari ukiipiga mchana na usiku.

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo hapa mtanivumilia kidogo. Alumini peke yake haiogopi hewa ya bahari kama chuma kinavyoiogopa, kwa sababu hujijengea ngozi nyembamba ya oksaidi inayoikinga. Chuma peke yake kitaota kutu, hilo tunalijua. Shida kubwa ni pale vinapogusana na katikati yao pakaingia maji ya chumvi. Hapo unakuwa umetengeneza betri. Kwenye jedwali tunalowafundisha wanafunzi wa kidato cha sita, alumini ina volti −1.66, zinki −0.76, chuma −0.44. Metali iliyo hasi zaidi ndiyo inayoliwa. Chumvi huvunja ile ngozi ya oksaidi, kisha alumini inageuka unga mweupe ikimlinda jirani yake wa chuma. Na jirani naye, akishapoteza rangi na zinki yake, anaanza kuota kutu, kutu inavimba, inasukuma alumini kwa nje. Ule uvimbe kwenye ukingo wa chini wa mlango wa Land Rover, unaoonekana kama gari lina tetekuwanga, ndio huo.

Kwa hiyo ukienda kununua bati, usiangalie bati lenyewe tu. Uliza linakwenda kugusana na nini.

Nianze na ukuta wa mbele, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Nauita hivyo ule mwili wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Umebeba pedali, usukani, dashibodi, kioo cha mbele na bawaba za milango. Ukuta ukikaa upande, hakuna mlango utakaofunga sawasawa, hata ununue mlango wa dhahabu. Na wote ni chuma. Unaozea sehemu tatu: chini pale miguu inapokaa, mwisho wa nguzo za milango pale zinapofungwa kwenye chasisi, na kona za juu chini ya kioo. Wa kwetu ulikuwa umekwisha chini kabisa, upande wa dereva niliona majani ya mwembe kupitia sakafu, lakini kona za juu zilikuwa ngumu. Niligonga kwa ncha ya bisibisi kila inchi. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinanyamaza na bisibisi inazama.

Nilikuwa na njia tatu. Kuagiza ukuta mzima mpya kutoka Uingereza, uliochovywa kwenye zinki. Kununua wa zamani uliotolewa kwenye gari jingine. Au kukata sehemu iliyooza na kuunga mpya. Nasema bila kuzunguka: ningekuwa na fedha ningeagiza mzima. Zinki ndiyo rafiki mkubwa wa gari la pwani, inakinga chuma, na kwenye maji ya chumvi haigombani sana na alumini iliyo karibu yake. Lakini mzigo wa ukubwa ule unalipiwa nafasi yake melini, halafu kuna ushuru, na hesabu ilikuja ikazidi thamani ya injini na gia boksi kwa pamoja.

Wa zamani nilipata mmoja Dar es Salaam, Gerezani. Ulikuwa na sura nzuri, muuzaji ameufuta kwa mafuta ya taa unang'aa. Nikachuchumaa nikauangalia kwa mbele. Nafasi za saa, yaani vipimo vya dashibodi, zilikuwa katikati. Hiyo ni Series IIA, toleo lililotangulia la kwetu. Kwenye Series III saa ziko mbele ya dereva. Nikamwambia, "Kaka, huu si wa gari langu." Akanijibu, "Mwalimu, ni Land Rover hiyohiyo, fundi atakata." Atakata, ndiyo, lakini nitakuwa nimenunua chuma cha zamani kilichokaa mji wa bahari kama wangu, kisha nikatoboe na kuziba mashimo ambayo mvua itayapata. Nilimshukuru nikaondoka. Chuma chakavu cha pwani kununuliwa na mtu wa pwani ni kuhamisha kutu kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine.

Tukaamua kuunga. Fundi wangu ni mzee aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, na kabla hajashika grenda alifanya kitu ambacho mafundi wengi vijana wanakiruka: alichomelea vyuma vya kona kutoka nguzo hadi nguzo, na vingine vya mshazari, ili ukuta usicheze atakapokata chini. Tukapima mshazari wa kila uwazi wa mlango, tukaandika kwa rangi kwenye chuma chenyewe. Sehemu za miguu alizikunja mwenyewe kwa bati la geji 16. Hapo tulibishana kidogo, maana dukani walitusukumia geji 20 kwa kuwa ni rahisi kukunja. Mnajua geji inavyokwenda, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Sehemu inayokanyagwa na mtu aliyevaa gambuti na kubeba pedali haitaki wembamba. Vipande vya chini vya nguzo niliviagiza vipya kutoka nje, ni vidogo, vinasafiri kwenye begi la mtu, na vina tundu la bolti ya chasisi mahali pake halisi. Hilo tundu likisogea hata kidogo, mlango mzima unasogea.

Kuna aliyenishauri nikimaliza kuunga niupeleke ukuta wote ukachovywe zinki. Wazo ni zuri, ila zinki inayeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 450, na bati jembamba lililochomelewa sehemu nyingi linaweza kujipinda humo ndani. Baada ya kazi yote ile ya kupima mshazari, sikuwa tayari. Nilipaka praima yenye zinki nyingi, nikamwaga nta ndani ya nguzo kupitia matundu ya bawaba.

Sasa alumini. Hapa msimamo wangu unageuka kabisa, na hapa ndipo nagombana na watu wengi zaidi. Wanasema bati jipya ni bati jipya. Mimi nasema madigadi ya alumini ya mwaka 1976 iliyobonyea, ambayo haijatoboka na haijaliwa kwenye viungo, ina maisha marefu kuliko nyingi zinazouzwa mpya leo. Nilipata nafasi ya kuzishika mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikuwa mpya, nakala, imefungwa kwa karatasi, inanukia rangi. Nyingine imetoka Arusha kwenye gari lililochinjwa, ina tabaka tatu za rangi, nyeupe juu ya kaki juu ya kijani. Ile mpya niliibonyeza kwa dole gumba katikati ikaingia na kurudi kama kifuniko cha kopo. Ya zamani haikutikisika. Kwenye mpya, mashimo ya bolti yalikuwa yametobolewa kwa makadirio, tuliilaza juu ya madigadi yetu tukaona matundu mawili yamepishana kwa nusu nzima. Sisemi kila nakala iko hivyo. Nasema iguse kabla hujalipa.

Ya Arusha niliipenda pia kwa sababu ya mahali ilikotoka. Ukitafuta alumini ya mtumba, tafuta bara. Dodoma, Singida, Manyara, Arusha. Gari lililofia kwenye vumbi limebonyea na kuchunika, lakini viungo vyake havijanywa chumvi. Ukipata lililofia Tanga, Pangani au Mombasa, geuza bati uangalie pale lilipokuwa limekaa juu ya chuma. Ukiona unga mweupe na vitobo vidogo, rudisha.

Angalia pia nyuma ya bati. Madigadi yetu ya kulia kwa mbele ilikuwa safi kabisa, hata mimi niliisifu, mpaka sumaku iliponasa mahali ambapo haikutakiwa kunasa. Kumbe zamani mtu alikata kipande, akaribiti bati la chuma, akafukia na puti nene kama chapati, akapaka rangi. Chini ya puti alumini yote iliyogusana na kile kiraka ilikuwa imekuwa unga. Ndiyo maana nikaitafuta ile ya Arusha.

Kuhusu kulingana kwa madigadi, jihadhari na sura. Gari za Series II na IIA za mwanzo zina taa kubwa katikati, ndani ya shoo, yaani wavu wa mbele ya rejeta; taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Madigadi isiyo na tundu la taa si ya Series III. Na zile za One Ten, Land Rover ndefu iliyofuata Series III, zilizoanza 1983, kwa mbali ni ndugu lakini uso wa mbele wa gari lile umesogezwa mbele na umenyooka, kwa hiyo hazikai. Wauzaji watakuambia zinakaa.

Ya kushoto haikubadilishwa. Baba aligonga mti nayo pale karibu na Soni, na bonyeo lake lilikuwa kubwa kama karai, na kona imekunjamana. Fundi wa kwanza niliyemwita alisema tuitupe. Mzee wangu aliishika, akaizungusha, akaomba kipande cha sabuni ya mche. Alumini iliyokwisha pigwa inakuwa ngumu, ukiendelea kuigonga inapasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, na moto wa alumini ni hatari kwa sababu haibadiliki rangi kama chuma. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu na kukuonya. Alumini inakaa vilevile, kimya, nyeupe, halafu ghafla inadondoka chini kama maziwa. Sasa mzee alisugua sabuni kavu juu ya sehemu yote iliyokunjamana mpaka ikawa na ukoko mweupe. Akawasha gesi, akaweka mwali laini wa njano, akawa anaupeleka huku na huku bila kusimama. Sabuni ikatoa moshi, ikawa ya hudhurungi, kisha ikaanza kuwa nyeusi. Pale pale akaondoa moto. "Basi," akasema, "ikizidi hapo unalia." Akaiacha ipoe. Kisha akailaza juu ya mfuko wa mchanga na kuanza kuigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, na lile bati lililokuwa likigoma likawa linatii kila pigo.

Niliwaeleza wanafunzi wangu siku iliyofuata. Sabuni inaungua kwenye joto lililo juu ya lile la kulainisha alumini hii na chini ya lile la kuiyeyusha, kwa hiyo inakuwa kipimajoto cha mtu asiye na kipimajoto. Darasa zima liliamka. Kuna kijana mmoja wa nyuma, ambaye siku zote anaandika majina ya wachezaji kwenye daftari, aliniomba aje kuangalia gereji.

Madigadi ile sasa imenyooka kiasi kwamba puti iliyotumika ni kama rangi tu. Ina mawimbi kidogo ukiitazama jua la jioni likiwa limelala. Nayapenda.

Boneti tumeiacha. Ilikuwa imebeba tairi la akiba miaka yote, imezama katikati, mzee akaisukuma juu. Sakafu ya nyuma, ile alumini yenye mifereji, ina alama za kila jembe na kila gunia, lakini haijatoboka. Tulibadilisha vishikizo vya chuma vya chini yake tu. Paa la kichwa halikuwa na neno.

Sasa milango, ambako msimamo wangu unakwama. Mlango wa Series ni fremu ya chuma iliyovishwa ngozi ya alumini, na ngozi hiyo imekunjwa kuzunguka ukingo wa fremu. Yaani metali mbili zimekumbatiana kwa makusudi, kisha maji ya mvua yanashuka na kukaa palepale chini kwenye mkunjo. Ukinyoosha alumini, ndani kuna chuma kinachooza. Ukibadilisha chuma, lazima ufungue mkunjo wa alumini ambao umekwisha kuliwa. Hakuna cha kuokoa. Milango ya mtumba karibu yote niliyoiona ilikuwa na tetekuwanga ileile, hata ya bara, kidogo tu imechelewa.

Kitu cha kushukuru ni kwamba mlango wa Series ni vipande viwili. Juu yenye vioo vya kuteleza ni kipande chake, chini ni chake, vinaungana kwa bolti. Vya juu vyangu vilihitaji fremu kuguswaguswa tu. Kwa hiyo nilitafuta nusu za chini peke yake.

Fundi mmoja wa mageti alijitolea kuzitengeneza kwa bomba za mraba na bati bapa. Bei yake ilikuwa nzuri na mkono wake mzuri, geti la jirani yangu amelitengeneza yeye. Nilikataa kwa sababu ya umbo. Tangu Series II ya mwaka 1958, bodi ya Land Rover ina mzingo chini kidogo ya dirisha, kazi ya mchoraji David Bache. Mzingo huo unaanzia kwenye madigadi, unapita mlangoni, unamalizikia kwenye bodi ya nyuma. Ukiweka mlango bapa katikati, mstari unakatika, na gari zima linaonekana limepona vibaya. Watu wengi hawajui kilichowachukiza, lakini wanakiona.

Nikanunua mipya. Nilipokwenda dukani nilikuwa na orodha kichwani. Ngozi ni alumini kweli? Zipo zinazouzwa zikiwa chuma kitupu, ni nzito na zinaoza zote kwa pamoja. Fremu imepakwa nini kabla ya kuvishwa? Hapo muuzaji wa kwanza hakuwa na jibu. Wa pili alinifungulia karatasi akaniruhusu nichungulie kwa tochi kwenye tundu la chini, nikaona rangi nyeusi imefika mpaka kwenye kona. Matundu ya kutolea maji yapo, na hayajazibwa na rangi? Bawaba zinakaa wapi? Nilikuwa nimekata kiolezo cha boksi la kadibodi kutoka mlango wa zamani, nikakiweka juu ya mpya. Ulipishana kidogo kwenye kona ya nyuma ya chini, kiasi ambacho mzee alisema bawaba itameza. Nikaubeba wa kulia. Wa kushoto wao ulikuwa umepinda, nikauacha, na ninaendelea kuutafuta.

Niliporudi nyumbani nilimimina nta ya kuyeyusha ndani ya mlango mpya kabla haujafungwa hata mara moja. Nikauegemeza, nikaugeuza, nikauegemeza tena, mpaka ikachuruzika kupitia tundu la maji. Fanyeni hivyo. Ni kazi ya asubuhi moja na inaongeza miaka.

Jambo jingine la viungo: bolti. Kuna mtindo wa kuweka bolti za stenlesi, chuma kisichoota kutu kirahisi, gari zima kwa sababu zinang'aa. Kwenye alumini, pwani, stenlesi inayogusa bati moja kwa moja itaanza kulila bati kuzunguka tundu lake. Nimetumia bolti za chuma zilizopakwa zinki, washa pana, na kati ya alumini na chuma nimepaka gundi ya kuzibia inayobaki laini. Mzee alitaka tukate vipande vya tyubu ya tairi kama ilivyo desturi. Nilimwomba tusifanye hivyo. Mpira mweusi una kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Tena unashika maji kwa chini. Alinisikiliza, akafikiri, akasema, "Ndiyo maana zile zote nilizoweka tyubu zilikuwa zinaliwa." Na nyuzi za bolti, kumbuka, za gari hili ni za inchi. Bolti ya milimita itaingia raundi mbili ikuhadae, kisha ivunje nyuzi.

Rangi imesubiri. Tumefunga kila kitu kikiwa bado na sura ya mabaka: ukuta kwanza, kisha mlango wa kulia ukaning'inizwa, kisha bodi ya nyuma ikasogezwa mpaka nafasi kati yake na mlango wa kulia ikawa sawa juu na chini, kisha vibati vya chini ya milango, madigadi, na mwisho lile bati la chuma linaloshika rejeta. Mtu akianza na madigadi kwa kuwa ndiyo yanayoonekana, atajikuta analazimisha milango ifuate madigadi, na mlango haulazimishwi. Sasa tutafungua tena vyote, tupige msasa, epoksi juu ya alumini, kisha rangi kwa kila bati likiwa peke yake ili iingie hadi kwenye kingo zinazofichwa na viungo. Rangi itakuwa ile kijani iliyozama, niliyoikuta chini kabisa ya madigadi ya Arusha na pia chini kabisa ya ya baba.

Bado nahitaji nusu ya chini ya mlango wa kushoto, na mlango wa nyuma wa kushusha wenye minyororo yake miwili. Huo wa nyuma nautaka wa zamani, alumini, hata kama umebonyea. Mwenye nao bara anitumie picha ya ukingo wa chini, kwa ndani, kabla ya kuuosha. Nitaufuata mwenyewe hata kama ni Manyoni.